Kisogo cha Bibi

Walimwita Mpishi, na hakujua hata kuchemsha yai. Siku moja alijaribu kumpikia mama yake uji. Mama aliutazama uji ule kwa muda, akauliza kama ni wa kunywa au wa kubandikia mabango. Lakini jina lilimganda, kwa sababu kazini kwake kulikuwa na jiko, na katika jiko hilo hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu isipokuwa yeye.

Jiko lenyewe lilikuwa chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya juu ya jengo ambalo chini yake waliuza magodoro. Ndani kulipangwa kompyuta kwenye rafu za chuma, kuanzia sakafuni hadi darini, na kiyoyozi kizee kilikohoa juu yake mchana kutwa. Studio ile ilitengeneza filamu za katuni. Wachoraji walikaa chumba cha mbele wakiumba watu, paka na nyumba ndani ya kompyuta zao. Wakimaliza, kazi ilikwenda kwa Mpishi, naye akazibebesha mashine zake hesabu za mwanga: jua linaingilia wapi, linagonga nini, linarudi na rangi gani, linapenyaje kwenye nyama ya sikio. Picha moja iliweza kuchukua saa nyingi, na sekunde moja ya filamu inataka picha ishirini na nne. Kazi hiyo wenyewe waliiita kupika. Picha zikiwa ndani ya mashine, walisema ziko motoni.

Picha nyepesi ziliitwa mayai. Nywele, mvua na nguo iliyolowa ziliitwa maharage, maana ukizibandika unaweza kwenda harusini na kurudi bado ngumu. Maharage yakiwa motoni, sheria ilikuwa moja: marufuku kuwasha birika la umeme. Waya za jengo zilikuwa za zamani, na mhasibu aliwahi kubandika chai akazima ghorofa nzima, mvua ya wiki nzima ikaungua. Mpishi alinuna hadi watu wakawa wanapishana naye ngazini wakijifanya wanaongea na simu. Tangu hapo ofisi ile ilikunywa maji. Wageni waliulizwa, "Utapenda maji, au maji?"

Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa kuchungulia skrini, na alivaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya kile kiyoyozi. Kila alipopita mlangoni pa jiko aliupapasa mlango kwa mgongo wa kiganja kusikiliza joto, kisha akatikisa kichwa kama daktari asiyetaka kumtisha mgonjwa. Maisha aliyaanza akichora vichwa kwenye kuta za vinyozi. Kinyozi mmoja alimwomba achore na mitindo ya nyuma, akakataa. "Nyuma hakuna mteja anayejiona," alisema. Kinyozi alimtafuta mchoraji mwingine, na Mpishi hakujifunza kitu.

Alikuwa na dada mmoja, kitinda mimba wa mama yao, mfupi na mwenye mdomo. Dada huyo alikuwa na chumba cha gemu mitaa miwili kutoka studio: mabenchi, skrini ukutani, na vijana wanaopiga kelele kama wanagawana urithi. Kwa kukaa na mashine zile alikuwa amejifunza mwenyewe kutengeneza gemu, na zake mbili zilichezwa hadi mitaa ya mbali. Kila Jumapili walikutana kwa mama, na kila Jumapili waligombana kuhusu jambo lile lile.

"Kaka, hivi mpaka leo bado unapika?" dada alikuwa akianza, hata kabla hajavua viatu.

"Kitu kizuri hakina haraka."

"Mashine yangu inachora picha sitini kwa sekunde moja, na mtu anacheza huku anatafuna karanga."

"Inachora, sikatai. Hata kuku anachora akiparua mchanga."

"Siku si nyingi gemu itafikia filamu zako. Pengine imeshafika, ila wewe umejifungia na kiyoyozi."

"Mdogo wangu, gemu ni uongo mtupu. Miti ya mbali ni makaratasi. Vivuli vimepakwa mapema kama rangi ya ukutani. Nywele ni vipande vya utepe mmevigandisha kichwani. Filamu haidanganyi. Filamu inapiga hesabu ya kila unywele."

Mama yao, aliyekuwa akichambua mchele katikati yao, aliinua uso. "Mnagombania televisheni?"

"Hapana, mama."

"Basi ongeeni polepole. Mnanipotezea mawe."

Kazi kubwa ya maisha ya Mpishi ilikuwa filamu fupi ya bibi kizee aliyekaa kwenye kigoda mlangoni, akimchana mjukuu nywele huku mvua ikidondoka kwenye bati. Hakukuwa na vita wala majoka, ila mvua, kitana na nywele. Maharage juu ya maharage. Uso wa yule bibi alikuwa ameutoa kwenye picha iliyotundikwa sebuleni kwa mama yake: bibi yake mwenyewe, aliyemzaa mama yake, akitazama kamera kama anayeidai. Alipomwonyesha mama uso ule ulipokamilika, mama aliusogelea, akaufunika nusu kwa kiganja, akasema, "Mdomo ndio wenyewe. Umempatia." Kisha akauliza filamu itakwisha lini. Mpishi akasema bado iko motoni. Miaka ilipita, jibu likawa hilo hilo, na mama akawa anawaambia majirani kwamba mama yake bado yuko motoni. Majirani walimpa pole.

Sasa studio ilikuwa na Mkurugenzi, mtu wa simu mbili na soksi za rangi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akikitazama kile chumba cha jiko kwa jicho la mtu anayetaka chai. Asubuhi moja aliwakusanya wafanyakazi, akasema amepata mnunuzi wa filamu ya Bibi. Mnunuzi anataka filamu, na anataka gemu pia, mtoto aweze kutembea ndani ya ua ule wa Bibi na kuokota maembe yaliyoangushwa na mvua. Kwa hiyo kuna fundi wa gemu amealikwa kujaribu. Mlango ukafunguliwa, akaingia dada yake Mpishi na begi lake mgongoni.

"Hamjambo," alisema, akitazama popote isipokuwa kwa kaka yake.

Mpishi alisimama. Alieleza kwa kirefu kwamba mashine ya sebuleni haiwezi kuubeba uso wa Bibi, kwamba watoto watachekelea, kwamba hilo ni tusi kwa marehemu. Mkurugenzi alimsikiliza, akaweka simu moja mezani. Akasema jambo ni rahisi: kipande kimoja kitapikwa jikoni, kipande kile kile kitaendeshwa na mashine ya gemu papo hapo, watu waketi, watazame, waseme ipi ni ipi.

"Na wasipotofautisha?" mtu aliuliza.

Hapa ndipo Mpishi alipopaswa kukaa. Mdomo ulimponza kichwa. "Wasipotofautisha," alisema, "jiko nitalifunga kwa mkono wangu, na funguo nitakukabidhi mwenyewe." Mkurugenzi alitabasamu, na mhasibu akaonekana wazi kuwa ameanza kufikiria birika.

Dada alikuja siku iliyofuata kuchukua umbo la Bibi. Alilifungua kwenye kompyuta, akalizungusha kidogo. Akalizungusha tena.

"Kaka, Bibi hana kisogo."

"Najua."

Na kweli alijua, kwa sababu hivyo ndivyo walivyofanya kazi pale. Watu wa filamu hujenga kile ambacho kamera itakiona, basi. Kamera ya Bibi ilianzia shavu la kushoto, ikaenda taratibu hadi shavu la kulia, ikaishia hapo. Nyumba ilikuwa na ukuta wa mbele tu. Ndoo ya kukingia mvua haikuwa na kitako. Na Bibi alikuwa na uso, masikio na nywele za utosini hadi nyuma kidogo ya masikio, baada ya hapo palikuwa wazi, kama kinyago.

"Kwenye gemu mtu anazunguka," dada alisema.

"Siku ile nani atazunguka? Kamera itapita njia ile ile. Kisogo cha kazi gani?"

"Si ulisema filamu haidanganyi?"

"Huku si kudanganya. Huku ni kubana matumizi."

Dada angeweza kubuni kisogo chochote, lakini picha zote za Bibi zilipigwa kwa mbele, na yeye alizaliwa Bibi ameshazikwa. Akaona heri kuacha kuliko kumpa bibi yake kichwa cha mtu mwingine. Alifunga begi, akaondoka.

Siku ilipofika, walifunga mapazia ya chumba cha mikutano na kuweka skrini mbili sawasawa ukutani. Mkurugenzi na yule dada tu ndio waliojua ipi ni ipi. Wafanyakazi walijaa nyuma. Mnunuzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, alikaa pembeni. Mama yao alikuwa safu ya mbele, amevaa gauni la kanisani, mkoba mapajani, maana mwanawe alimwambia leo hatimaye Bibi anatoka motoni.

Picha zilianza pamoja. Kwenye skrini zote mbili Bibi alikaa kwenye kigoda, mvua ikidondoka, kitana kikishuka kwenye nywele za mjukuu na kukwama, na vidole vyake vikilifungua lile fundo bila kuvuta. Maji yalimetameta kwenye kiwiko chake. Kivuli cha bati kilimpita usoni. Halafu picha zikaisha, zikarudia, zikaisha tena.

Mkurugenzi aliomba mikono. Nusu walisema filamu ni ya kushoto, nusu wakasema ya kulia, na mhasibu aliinua mikono yote miwili. Mpishi alicheka kwa dharau. "Hawa hawana macho," alisema. Mkurugenzi akamwambia haya, twambie wewe.

Mpishi alitembea hadi mbele. Aliikaribia skrini ya kushoto hadi pua ikataka kuigusa, akahamia ya kulia, akarudi kushoto. Akainama chini ya kidevu cha Bibi.

"Hii ya kushoto ni ya gemu," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Tazameni kivuli hiki chini ya kidevu. Hakijaiva. Kina chengachenga. Mpishi yeyote anayejiheshimu hawezi kuandaa kitu kama hiki. Ya kulia ndiyo kazi yangu."

Mkurugenzi alikohoa. Ni dada aliyesema, polepole, bila kucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kaka, ya kushoto ni yako."

Na ilikuwa yake kweli. Wiki ile muda ulikuwa umembana, na kwa mara ya kwanza maishani alipakua maharage kabla ya wakati wake, akijiambia kwamba hakuna atakayeinama kutazama chini ya kidevu. Aliyeinama alikuwa yeye. Alisimama pale mbele ya watu, masikio yanamwaka, na aibu aliyoiona haikuwa ya kushindwa na mashine. Ilikuwa aibu ya mtu aliyetemea mate mchuzi wake mwenyewe. Alitia mkono mfukoni, akaushika ufunguo wa jiko, lakini hakuutoa.

Mama yake, kutoka safu ya mbele, aliuliza, "Sasa ni ipi ambayo mtu anaweza kumsogelea?"

"Hii, mama," dada alisema, akampa pedi, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe. Akamwonyesha kidole gumba kinasukuma wapi.

"Rimoti yenyewe ina masikio," mama alisema. Alisukuma, akagonga ukuta. Akasukuma tena, akapita ndani ya ndoo. Watu walicheka kidogo, naye akacheka. Kisha akaipata njia, akasogea taratibu kwenye mvua ile hadi uso wa Bibi ukaijaza skrini, na kicheko chake kikaisha.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa sauti ya chini, kama aliyemkuta jikoni nyumbani.

Mpishi alimgeukia mama yake. Miaka yote ile motoni, na hakuna aliyewahi kuiamkia kazi yake. Angefurahi mambo yaishie hapo. Lakini mama yake alisukuma kidole tena, na skrini ikaanza kuzunguka, shavu likapita, sikio likaja.

"Mama, hapo panatosha," Mpishi alisema.

"Panatosha nini? Ndiyo kwanza nafika."

Akapita sikio. Nyuma ya sikio palikuwa hakuna mtu. Palikuwa na tundu, na ndani ya tundu macho mawili meupe yalielea kama mayai ya kuchemsha, na chini yake safu mbili za meno yasiyo na mdomo, yakifunguka na kufumba, maana Bibi alikuwa akimwimbia mjukuu wake. Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akakimeza. Mama aliiweka pedi juu ya mkoba wake.

"Huyu mmemfanya nini?"

Mpishi alianza kueleza habari za kamera, kwamba inaanzia kushoto, inaishia kulia, kwamba kazini kwao hawajengi kisichoonekana. Alieleza vizuri kabisa, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kuwa upuuzi.

"Nani alikwambia mimi nitakaa mbele?" mama aliuliza. Hakupaza sauti. "Mwanangu, mimi nimelelewa mgongoni kwake. Anafagia, niko mgongoni. Anachota maji, niko mgongoni. Kabla sijaujua uso wake nilikijua kisogo. Nililala nimekiegemea. Uso huo wa pichani hata jirani anaujua. Changu ni hicho ulichokitupa."

Mkurugenzi alijaribu kueleza kwamba hiyo ni hitilafu ndogo ya kiufundi, lakini mnunuzi alimkatisha, akauliza, "Kisogo mtakimaliza lini?" Mkurugenzi akamtazama dada. Dada akamtazama kaka. Mpishi alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani mbele ya Mkurugenzi.

"Jiko nimefunga," alisema. "Kisogo nitakifanya mimi, nikielekezwa."

Mashine za jikoni zilizimwa zote, kiyoyozi kikapumzika kukohoa, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba magodoro yakiburutwa chini uliyasikia. Walimwekea mama kiti humo, Mpishi upande mmoja na kompyuta yake, dada upande wa pili na mashine ya gemu. Mpishi alivua sweta. Mama akaanza kuelekeza, akitumia kichwa cha binti yake kama ubao.

"Hapa palikuwa na bonde. Si hilo, hilo ni shimo. Jaza kidogo."

Mpishi akajaza.

"Huyo ni mjomba wako."

Akafuta, akaanza upya.

"Nywele za chini zilipanda upande wa kushoto, kama zinakimbia kitu. Na hapa, chini ya ukingo wa nywele, aliungua utotoni. Alama ndogo, laini. Mimi nilikuwa naikwangua kwa kucha nikinyimwa kitu, na yeye anasema, wewe mtoto, ngozi hiyo siyo yako."

Alikataa kisogo cha kwanza, cha pili, na vingine vingi. Kimoja alisema ni cha askari. Kingine alisema ni kizuri sana, sasa wakitafutie mwenyewe. Mpishi, ambaye jikoni hakuwahi kuvumilia mtu amwambie chumvi imezidi, alifuta na kurudia bila neno. Dada yake alipoona amechoka, alimsogezea maji, wakatazamana, na kwa mara ya kwanza baada ya Jumapili nyingi hawakuwa na la kubishania.

Kisha ikafika zamu ambayo mama hakukataa. Alinyoosha mkono, dada akampa pedi. Mama aliingia uani kwenye mvua, akapita mbele ya Bibi bila kusimama, akazunguka hadi nyuma. Akashuka chini kidogo, akasogea, akasogea tena, hadi ikabaki shingo tu, na zile nywele zinazokimbia kushoto, na alama ya kuungua, na bonde linalopanda na kushuka Bibi akivuta pumzi za wimbo wake. Ndicho kimo cha mtoto aliyefungwa kwenye mbeleko. Hapo akatulia.

Mpishi alitazama. Jicho lake la kazi liliona, lisingeacha kuona, kwamba kivuli chini ya zile nywele si sahihi sana, kwamba jikoni kingeiva vizuri zaidi. Gemu ilikuwa haijafikia filamu, bado kidogo. Alifungua mdomo, akaufunga. Kwenye filamu yake kipande hiki kingekuwa cha sekunde nne, kisha kamera ingeondoka hata kama mtu hajamaliza kutazama. Mashine ya dada yake ilikuwa inakichora kisogo kile upya, na upya, na upya, wala haikuonyesha dalili ya kuchoka.

"Mama," dada aliuliza, "unataka nikuoneshe na ua mzima?"

"Niacheni hapa."

Walimwacha. Mpishi alinyanyuka taratibu, akaenda kona ya chumba, akachomeka birika la umeme. Hapakuwa na kitu motoni cha kuogopa.